Kabati la Kioo

Kabati lilikuwa zuri, na hilo ndilo lililomuuma Nassibu kuliko yote. Lingekuwa limeliwa na mchwa, au mguu mmoja umepungua, angalau angejua hasira zake azipeleke wapi. Lakini lilisimama katikati ya chumba chake cha kupanga, Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, limenyooka kama limezaliwa pale pale. Vanishi inang'aa. Milango yake miwili ya kioo inashuka kutoka juu mpaka karibu kugusa sakafu, na ndani kuna rafu za kupangia vyombo. Alikuwa amelitoa Mombasa juu ya basi, akalifunika kwa blanketi lake mwenyewe huku yeye anatetemeka na umande wa Tanga, na kila basi lilipoingia shimoni alifumba macho. Halikupata hata mkwaruzo.

Mbele ya kabati alisimama Mzee Sadalla, ami yake Zamzam, binti aliyeposwa na Nassibu, mikono ameifunga nyuma. Alikuwa amekuja kutoka Magomeni kukagua mahari ya binti wa marehemu kaka yake, na kukagua ilikuwa haki yake. Pembeni yake alikuwapo Mzee Mwinyimvua, mshenga, yule aliyepeleka posa na kurudi na majibu. Mwinyimvua alikuwa anatabasamu kama mzazi ambaye mtoto wake kafaulu mtihani.

"Zuri," alisema Mzee Sadalla. "Kioo kiko wapi?"

Nassibu alidhani macho ya mzee yameanza kuchoka. "Hicho hapo, mzee. Mbele yako."

"Hiki?" Mzee akakigonga kwa ukucha. "Hapa mimi naona mbao za nyuma."

"Ndiyo, mzee. Kimetakata. Unaona kila kitu."

"Kila kitu isipokuwa mimi." Mzee Sadalla akageuka. "Mwanangu alisema kabati la kioo. Kioo, Nassibu! Kabati la nguo lenye kioo mlangoni, mtu ajitazame. Humu atatazama nini, vikombe?"

Mwinyimvua akalivua tabasamu lake taratibu.

"Na wewe," Mzee Sadalla akamgeukia, "ulimletea kijana neno gani?"

"Neno nililopewa," alisema Mwinyimvua, mkono kifuani. "Kabati la kioo. Wallahi sikuongeza hata herufi."

Sasa hapo nani utamlaumu? Lugha yetu hii tamu kioo cha dirisha inakiita kioo, na kile cha kunyolea ndevu inakiita kioo pia, na haioni haya. Zamzam, kama sheria inavyompa, aliulizwa anataka mahari gani, akataja kitu kimoja tu. Hakutaka mkufu, hakutaka kanga doti kwa doti. Kabati la kioo. Neno likatoka kwake likaingia kwa mshenga, likatoka kwa mshenga likaingia kwa Nassibu, na Nassibu alipolisikia aliona kitu kimoja kichwani mwake, nacho ni kabati la vyombo alilowahi kuliona Upanga kwenye nyumba ya mteja. Kumwuliza mwenyewe Zamzam hakungewezekana. Mchumba haendi kumwuliza mchumba habari za mahari; mshenga yupo kwa kazi gani? Tena Nassibu na Zamzam hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu, siku aliyopeleka Magomeni redio ya Mzee Sadalla aliyokuwa ameitengeneza, akamkuta binti na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni. Salamu yenyewe aliiitikia kwa kichwa kwa sababu ya zile pini. Nassibu alirudi Kariakoo siku hiyo akapita nyumba yake bila kuiona.

"Nitalirudisha," alisema sasa. "Mwenye duka aliniambia mwenyewe. Bibi harusi asipolipenda, lirudi zima, atanibadilishia."

"Rudisha," alisema Mzee Sadalla. "Harusi ni mwezi wa mfungo sita, na mfungo sita uko mlangoni. Mimi simwozi mtoto wa marehemu kwa mahari nusu."

Walipotoka, Nassibu aliketi kitandani akalitazama kabati, na kabati likamwonyesha mbao zake za nyuma. Kilichomtafuna ni kwamba kile kioo kingine alikuwa amekiona. Pale dukani Mombasa lilikuwapo kabati la nguo, limesimama hatua chache tu kutoka hili, na mlango wake wote ni kioo cha kujitazama. Lakini wenyewe kule waliliita almari, na yeye hakutumwa almari. Alisema "kabati la kioo," mwenye duka akamleta moja kwa moja kwenye hili la vyombo. Na wakati vijana wa duka wanalifunga kwa kamba, Nassibu, mtu mzima na akili zake, alisogea mbele ya ile almari akaiweka kofia yake sawa. Alijiona kuanzia kofia mpaka viatu, akaridhika, akaondoka.

Alijipiga kofi la paja. Kisha akaenda kutafuta kamba.

Safari ya kurudisha kitu haina utamu wa safari ya kukinunua. Alipokuwa analileta, abiria wote walimpa hongera, mwanamke mmoja hata alimwombea watoto. Sasa kondakta alilitazama kabati linapandishwa juu ya basi kama unavyomtazama mgonjwa aliyeruhusiwa jana na leo kaletwa tena hospitali. "Ndugu," aliuliza, "hili si lile lile?" Nassibu alisema ndilo. "Limefanya nini?" Nassibu akajifanya anakaza kamba.

Mpakani, njia ya Tanga, walilishusha kwa ukaguzi. Ofisa aliyekuwa zamu alikuwa kijana mpole, tena mwenye adabu, na adabu yake ndiyo ilimfanya Nassibu ashindwe hata pa kugombea.

"Ndugu, unasafirisha samani nje ya nchi. Kibali kiko wapi?"

"Sisafirishi, afande. Narudisha."

"Unarudisha wapi?"

"Dukani. Mombasa."

"Mombasa iko nchi gani?"

Nassibu aliuona mtego, lakini mguu ulikuwa umeshaingia. "Kenya."

"Ni nje ya nchi?"

"Nje ya nchi."

"Basi unasafirisha."

"Lakini lilitoka huko huko! Ushuru nimelipa hapa hapa, mlango huu huu, karatasi hii hapa, muhuri wenu huu hapa!"

Kijana aliisoma karatasi kwa makini akamrudishia kwa mikono miwili. "Karatasi hii ni ya kuingiza, ndugu. Imeshafanya kazi yake. Sasa hili ni kabati la Tanzania."

Ilibidi arudi Tanga kutafuta kibali. Kabati aliliacha kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai, akamwachia na blanketi, akamsihi asiruhusu mtu aliegemee. Tanga alikaa kwenye benchi mpaka suruali ikashika umbo la benchi. Dirisha hili lilimpeleka dirisha lile, na dirisha lile lilikuwa limekwenda kula. Alipokipata kibali hatimaye, muhuri bado mbichi, alikipulizia njia nzima kisije kikachafuka. Alikishika mkononi kwa sababu hakukiamini mfuko wake.

Alipofika mpakani, barabara ilikuwa imekatwa na mnyororo.

Malori yalikuwa yamezimwa injini. Watu walikaa juu ya mizigo yao, wengine upande huu, wengine upande ule, wanatazamana kama waliosusiana. Yule kijana mpole alikuwa pale pale.

"Mpaka umefungwa, ndugu."

"Nina kibali." Nassibu alikinyoosha mbele yake.

Kijana akakisoma mpaka mwisho. "Kibali chako kizuri kabisa. Hakina kasoro. Mpaka ndio umefungwa."

"Mpaka lini?"

"Hatujaambiwa."

Nassibu alikwenda kukaa kando ya kabati lake. Wakubwa wa nchi mbili walikuwa wamegombana, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika vipande, ndege na reli zinagawanywa, na yeye katika ugomvi wote huo alichotaka ni kubadilisha mlango mmoja wa kioo. Angewaambia nini, wangoje kidogo? Hakulia. Lakini alitukana, kwa sauti ndogo, matusi ya kwao Kilwa ambayo hakuyatumia tangu utoto wake, na mama muuza chai akajifanya hasikii, akamwongezea sukari.

Na mkosi haukuishia hapo. Njiani kurudi, kwenye kizuizi, walimsimamisha. Mtu anayetoka upande wa mpakani na samani mpya, siku zile za kusaka magendo, asiposimamishwa yeye asimamishwe nani?

"Kabati hili limetoka wapi?"

"Kariakoo."

"Linakwenda wapi?"

"Kariakoo."

Askari walitazamana. Ilimchukua Nassibu muda mrefu, na karatasi zote mbili, ile ya kuingiza na ile ya kutoa, kuwaeleza jinsi kabati lilivyoweza kutoka Kariakoo kwenda Kariakoo kwa njia ya Tanga. Walipomwachia, mmoja wao alikuwa anacheka. Nassibu alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, mpaka Chalinze.

Magomeni, barazani kwa Mzee Sadalla, hakukuwa na kicheko. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa kwa huruma ya kweli, kisha akasema, "Basi tutangoja."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka mpaka ufunguliwe."

"Na usipofunguliwa?"

"Mpaka gani usiofunguliwa? Wiki mbili, tatu. Watu wana ndugu zao huko." Akamgeukia Mwinyimvua. "Au siyo?"

"Ndiyo," alisema Mwinyimvua, macho yake kwenye viatu vyake.

Wote walisema hivyo, wiki mbili tatu. Sisi tulioishi baadaye tunajua: mpaka ule ulikaa umefungwa mpaka watoto waliozaliwa mwaka ule wakaanza kwenda shule. Nassibu hakuwa na njia ya kujua, lakini hakuziamini zile wiki tatu.

Alikuwa fundi redio, mwenye meza yake barazani hapo Mtaa wa Mahiwa, na siku zile kazi yake ilimgeuka. Kila redio aliyoipa uhai ilifungua mdomo ikamtangazia habari za mpaka. Akifunga hii anafungua ile, na ile nayo inaendelea pale pale. Akipata nafasi alizunguka kutafuta kioo cha kujitazama. Mafundi wa Keko walisema mbao wanazo, msumari wanao kwa shida, kioo wamekisahau sura. Mchafukoge aliingia duka baada ya duka, na kila duka lilikuwa na mwenye duka na rafu, basi. Mmoja alimwonyesha kioo cha pikipiki. Kinyozi mmoja wa Msimbazi alikuwa nacho kirefu cha kutosha, kimetundikwa mbele ya kiti, na Nassibu alipomwuliza kama anakiuza kinyozi alimtazama kana kwamba ameomba kumnunua mke wake.

"Na wateja wangu watajuaje nimewanyoa?" aliuliza kinyozi.

Jibu lile lilimkaa kichwani. Alikuwa hajajiuliza kabisa Zamzam anataka kioo cha nini. Mahari ni mahari. Mtu akitaja kitu unatafuta kitu. Alasiri moja, alipojua Mzee Sadalla yuko msikitini, alipanda basi la UDA mpaka Magomeni, akaenda kusimama kwenye dirisha la ubavuni ambako cherehani ilikuwa inasikika. Kama mtu angemwona, mshenga angedhalilika na posa ingekuwa mashakani. Lakini alikuwa amechoka kutumwa.

"Hodi."

"Karibu. Ami kaenda kuswali."

"Najua. Nimekuja kwako."

Cherehani ikasimama. Zamzam alikuja dirishani, kanga kichwani, utepe shingoni. Safari hii hakuwa na pini mdomoni, na Nassibu akatamani angekuwa nazo, maana macho yake hayakuwa ya salamu.

"Wewe ndiye wa vikombe," alisema.

"Ndiye mimi." Na kila kitu alichokuwa amejipanga kusema kwa upole kikamtoka kwa hasira. "Kwa nini hukusema kioo cha kujitazama? Neno moja tu! Nimekwenda Mombasa, nimerudi, nimekwenda tena nikakwamia mpakani, nimelala kwa muuza chai, nimeitwa mlanguzi, kwa neno moja!"

"Nilisema."

"Ulisema kabati la kioo."

"Nilisema kabati la kioo, nijione." Alilitamka neno la mwisho polepole, kama anamwonyesha mteja mshono. "Nijione. Mzee Mwinyimvua hakukwambia?"

Nassibu alimkumbuka mzee yule na mkono wake kifuani. Wallahi sikuongeza hata herufi. Na kweli hakuongeza!

"Atakuwa amelimeza," alisema Zamzam. "Nilipolisema nilimwona anavyoinamisha uso. Mtoto wa kike kusema mbele ya mtu mzima kwamba anataka kujiona... Aliona haya kwa niaba yangu. Mimi sikumtuma aone haya."

"Nitakwenda kumwambia. Leo hii. Mbele ya ami yako!"

"Ili iweje? Mzee wa watu akose pa kupita mtaa mzima, na mpaka ubaki umefungwa?" Alishusha pumzi. Hasira yake ilikuwa imepungua, au imepata mwenzake. "Wewe unajua nashona magauni ya maharusi?"

"Najua."

"Mteja anavaa hapa, ananiuliza limenikaaje. Namwambia limekukaa vizuri. Haamini. Anatoka na pini zangu anakwenda kujitazama studio ya picha. Huko anaambiwa mabega yamepanda, hanirudii. Na mimi mwenyewe..." Akainua kutoka mezani kioo cha duara, kidogo, kimepasuka pembeni. "Hiki ndicho ninacho. Uso najiona. Nikikiweka sakafuni najiona miguu. Sijawahi kujiona mzima, Nassibu. Nina umri huu wote sijui nikiwa nimesimama nakuwaje. Nilisema, kama mahari ni haki yangu, basi nipewe hilo."

Lilikuwa jambo dogo, na jinsi lilivyokuwa dogo ndivyo lilivyomuuma. Alitaka kumwambia kwamba yeye ameshamwona mzima, na amesimama vizuri mno. Hakuthubutu. Adhana ilikuwa imekwisha kitambo, watu wangeanza kutoka msikitini. Aliaga akaondoka, na njia nzima alikuwa na hasira na Mwinyimvua, na mpaka, na mtu wa kwanza aliyekiita kioo kioo.

Jioni hiyo alirudi kwenye meza yake kumalizia redio ya mbao ya mteja, ile aina yenye uso wa kioo unaoonyesha stesheni. Taa yake ya ndani ilikuwa imekufa. Alipoinama kuitazama, ndani ya kioo kulikuwa na mtu mchovu mwenye ndevu za siku nyingi, amekunja uso. Nassibu akarudi nyuma. Yule mtu naye akarudi nyuma.

Alikuwa ameshaziona redio zilizokufa taa miaka yote, na uso wake ndani ya vioo vyake, kama mvuvi anavyoyaona maji. Hakuwahi kuutilia maanani. Ndani kuna giza, basi kioo kinakurudisha ulikotoka. Taa ikiwaka, hujioni tena, unaona stesheni.

Aliinuka hivyo hivyo, bisibisi mkononi, akaingia chumbani. Alizitoa rafu zote za kabati. Kisha alimgongea mama mwenye nyumba, Bi Tatu, akamwomba kaniki.

"Umefiwa?" Bi Tatu alishtuka.

"Bado," alisema Nassibu.

Alitandaza ile kaniki nyeusi nyuma ya milango, kutoka juu mpaka chini, akaipigilia misumari midogo ya redio. Kioo kikawa cheusi. Ndani yake akatokea mtu, kuanzia nywele mpaka kandambili.

Ijumaa, baada ya swala, kabati lilisafiri kwa mara nyingine, juu ya mkokoteni wa Onesphory, mchukuzi wa mtaani kwao, kupitia Jangwani mpaka Magomeni, na Nassibu alitembea kando yake ameushika mlango kama anamshika mgonjwa mkono. Walilisimamisha ukumbini. Mzee Sadalla alikuwa ameketi na bakora yake. Mwinyimvua aliitwa, akaja, akachagua kiti cha mbali.

"Ni lile lile," alisema Mzee Sadalla. "Umelivisha kaniki tu."

"Ndiyo, mzee. Naomba alitazame mwenyewe."

Zamzam alitoka chumbani. Alikuwa amevaa gauni lake la samawati, ambalo kila mtu Magomeni alijua alilishona kwa mkono wake na alilipenda. Alisimama mbele ya kabati. Nassibu alikuwa amesimama ubavuni kwake, hakuweza kuona anachokiona; aliona uso wake tu, na uso ulikuwa hausemi kitu.

"Nimekatika katikati," alisema Zamzam.

Milango miwili, na pale inapokutana, ubao. Nassibu alikuwa amejitazama chumbani kwake mara kumi bila kuligundua hilo, kwa sababu yeye alijitazama akiwa amesimama upande. Akahisi machozi ya hasira yanamjia, machozi aliyoyazuia mpakani, kizuizini, Mchafukoge. Hata hiki! "Sogea," alisema. "Sogea mkono wa kushoto kidogo."

Zamzam akasogea mbele ya mlango mmoja. Akatulia. Akainua mkono, akaushusha. Akavuta pumzi, mabega yakapanda, akayaona yanapanda. Kisha akageuka, akatazama juu ya bega lake, akajiona mgongo, na uso wake wote ukabadilika.

"Astaghfirullah!"

"Nini?" Nassibu alikaribia kulia kweli. "Nini tena?"

"Mshono wa nyuma umepinda!" Alikuwa ameshika gauni kiunoni, anajipinda ili aone vizuri zaidi. "Umepinda kuanzia hapa mpaka chini! Nimelivaa gauni hili Idi mbili, nimekwenda nalo harusini, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia!"

Mzee Sadalla alisafisha koo. "Sisi tunajua nini habari za mishono?"

"Sasa mimi ninajua," alisema Zamzam, na hakuacha kujitazama.

"Lakini mwanangu, hicho si kioo. Ni kioo cha vikombe. Tukingoja mpaka ufunguliwe, kijana atakuletea kamili..."

"Ami. Mahari ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Basi." Alikuwa bado amekasirika kwa sababu ya mshono, na ile hasira ndiyo iliyomaliza mazungumzo.

Walioana mfungo sita, kama ilivyopangwa, wakati mpaka bado umefungwa na hakuna tena aliyeuhesabu kwa wiki. Wanaume walikaa barazani. Nassibu alivaa kanzu, amenyoa ndevu. Sheikh na mashahidi wawili, Mwinyimvua mmoja wao, waliingia ndani mpaka kwenye pazia la chumba alimokuwa bibi harusi, kumwuliza kama ameridhia, na kwa mahari gani. Barazani watu walinyamaza wamsikilize. Kwa desturi hawasikii kitu. Bibi harusi hujibu kwa sauti ya kunong'ona, au hanong'oni kabisa, na kimya chake huhesabiwa ndiyo.

"Nimeridhia," ilisikika sauti, wazi, kama ya mtu anayeita mteja ng'ambo ya barabara. "Kwa kabati la kioo."

Nyayo za sheikh zilisikika zinageuka kurudi.

"Nijione," aliongeza.

Sheikh alirudi barazani akiwa na uso wa kawaida, akauliza kama Nassibu amesikia mahari yake.

"Nimesikia," alisema Nassibu. "Yote."

Nyuma ya sheikh, Mzee Mwinyimvua alikuwa anaitafuta ncha ya kanzu yake ajipanguse uso, na hakuipata upesi.